Kilo Tisa

Jumatano, tarehe sita ya mwezi wa tano, saa nne kasorobo asubuhi, mizani ilisema tisa.

Karani aliigonga kwa kitako cha kalamu. Mshale ukatikisika, ukaenda kumi, ukarudi, ukakaa pale pale. Tisa. Ngwali aliutazama kama mtu anayeutazama mkono wake mwenyewe ukiokota kitu ambacho hakuutuma. Shanta lililokuwa juu ya sahani ya mizani lilikuwa lake. Alikuwa amelishusha mgongoni sasa hivi, jasho lake lilikuwa bado bichi kwenye mikanda. Kwa siku mia saba na kitu alikuwa amelibeba akiamini, na Barabara nzima ikiamini pamoja naye, kwamba ni nusu kamili ya mzigo, na nusu ya sasa ni kilo ishirini.

"Mizani yenu mbovu," alisema.

"Mizani haiugui, baba," karani alijibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Asumini, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi. "Leta la marehemu."

Hapo ndipo Jumatano ile ilipokwama. Kwenye Barabara siku hazipiti sawasawa. Zipo zinazopita juu ya kichwa kama kivuli cha wingu, hujui ilikuja lini wala imekwenda wapi, na zipo zinazoketi. Hii iliketi. Ngwali amekwisha kuishi siku nyingine baada yake, amekula, amesinzia, ndevu zimeota na kunyolewa, na kila akigeuka huikuta saa nne kasorobo ileile imesimama mlangoni, imekunja mikono, inamngoja.

Asiyeijua Barabara hataona cha kushtukia, basi na aelezwe.

Kule watu wote hutembea. Walianzia wapi hakuna anayekumbuka. Kando ya njia pana mawe yenye namba, na namba zinapungua kadiri mtu anavyokwenda, mia sita, mia tano, mia nne, ila hakuna aliyewahi kuonana na mtu aliyelifikia jiwe la sifuri akarudi kusema kuna nini. Watu hutembea wawili wawili, mume na mke, na kila jozi hubeba kilo arobaini. Nusu ya hizo ni chakula, sufuria, blanketi, panga, maji. Nusu ya pili ni vyuma kumi, kila kimoja kilo mbili, vimepigwa mhuri wa Wenye Mizani, wanaoitawala njia. Vyuma hivyo ni vya nini? Ukiuliza unaambiwa ni vya mbele. Ukifika mbele unaambiwa bado.

Jozi ikifika kwenye Nyumba ya Mizani, mashanta mawili huwekwa kwenye sahani moja, yanapimwa pamoja. Yakitimia arobaini mnapita. Nani amebeba ngapi, hilo Wenye Mizani hawaliulizi mpaka mmoja afariki.

Halafu ipo desturi ambayo si yao, ni ya watembeao wenyewe, ya zamani kuliko mizani: mtu hajipakii. Mume humpakia mke, mke humpakia mume, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuuona mgongo wake mwenyewe. Na ukishapakiwa hufungui. Kufungua shanta alilokupakia mwenzako kabla ya yeye kulifungua ni kama kupewa sahani ya chakula na mkeo, ukakinusa kwanza mbele yake.

Ngwali hakusoma. Darasa la tatu lilimshinda, au yeye alilishinda, hadithi hubadilika kutegemea nani anaisimulia. Lakini mgongo aliujua. Ndivyo alivyosema mwenyewe na ndivyo watu walivyosema. Asubuhi na jioni alipita kambini, mkanda wake wa kijani kiunoni, akikagua mashanta ya watu kama daktari anavyopita vitandani.

"Wewe, chuma kinafanya nini huku chini? Unataka kikuvute kama mtoto anayelia sokoni? Kizito kikae katikati, kimegusa uti wa mgongo, usawa wa mabega. Blanketi chini. Vyepesi nje na juu. Maji kulia, maji kushoto, usiende kama ngalawa iliyokatika tengo, inalala upande mmoja. Kaza mkanda hapa, juu ya nyonga. Nyonga ndiyo ibebe, bega liongoze tu. Haya simama. Umeona?"

Nao walisimama, wakasema wameona. Kila alipomaliza alisema neno lake lile, ambalo siku moja Wenye Mizani walilipenda wakalipaka kwa rangi ya kijani kwenye kuta za nyumba zao zote, herufi kubwa kama milango: UZITO SI KILO, UZITO NI MPANGO.

Na Mwanajuma, mkewe, alikuwa akisema nini? Kila asubuhi, mume akishampakia na kumfunga vizuri lile la kwake, alimpungia mkono akicheka: "Haya fundi, nenda kawape darasa wenzako. La kwako nitalipanga mwenyewe, ukirudi utalikuta."

Akirudi, analikuta.

*

Mwanajuma alifariki Jumatatu, karibu na jiwe la mia mbili na kumi na mbili. Aliketi chini na shanta lake mgongoni, kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu, hakunyanyuka tena. Walimlaza kando ya njia wakamfunika turubai. Sheria inasema maiti hazikwi mpaka jina lake liandikwe kwenye Kitabu cha Waliofika, na jina haliandikwi mpaka shanta lake lifikishwe kwenye mizani na mwenzake, halijafunguliwa. Asiyeandikwa ni mtoro. Mtoro huachwa pale pale na turubai lake, upepo umalizane naye.

Ngwali alitembea siku mbili. La kwake mgongoni, la marehemu kifuani. Njia nzima alikuwa akiwatukana Wenye Mizani kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Wamemuua. Walisema ishirini na nane, tukanyamaza. Wakasema thelathini na tatu, tukakohoa tu. Wakasema arobaini, wao wamekaa kwenye viti vyenye mito, hawajui hata kamba ya shanta inaingilia wapi. Wauaji. Na shanta la kifuani lilikuwa linamvunja. Magoti yalikuwa yakigongana, pumzi ilikuwa ikitoka kama kwenye tairi lililotoboka. Hakushangaa. Tangu utoto watu husema mzigo wa marehemu ni mzito, na yeye alidhani ndio msiba wenyewe, ndivyo unavyokuwa, unakaa kifuani na uzito wake.

Alidhani ni msiba. Kumbe vilikuwa vyuma.

"Thelathini na moja," alisema Bi Asumini.

Kulikuwa na mizani mbili katika nyumba ile. Ile kubwa, ya wawili, na hii ndogo ya pembeni, ya waliofiwa, ambayo vumbi lake lilikuwa limefutwa asubuhi hiyo kwa ajili yake. Hii ndogo hupima moja moja. Tisa na thelathini na moja. Arobaini, hesabu imetimia, hakuna hata gramu iliyopotea njiani. Nyuma yake foleni ya jozi zilizokuwa zikingoja zamu ilisogea karibu kuutazama mshale.

"Fungua yote mawili," karani alisema.

"Hili langu kanipakia yeye. Hili ndilo la mwisho alilonipakia."

"Najua, baba. Fungua."

Alifungua. Vidole vyake vilikuwa vya mtu mwingine, vinene, havisikii. Juu kabisa blanketi. Chini yake unga. Chini yake sufuria, mfuniko umefungwa kwa kitambaa, na pale katikati, mahali penye kugusa uti wa mgongo, usawa wa mabega, pale ambapo kwa miaka alikuwa akiwafundisha watu kwamba pakae kizito, alichomoa mto. Mto wa kulalia, wa sufi. Halafu wa pili. Ile mito miwili aliyokuwa akiilalia yeye na mkewe tangu waoane, imekunjwa vizuri, imesukumwa kwa ufundi mpaka pembeni ili shanta litune, lisimame, lionekane limeshiba.

Hakuna chuma. Hakuna hata kimoja.

Vyuma vyake vitano, na panga lake la kilo moja, vilikuwa katika shanta la Mwanajuma, kando ya vyuma vitano vya mwanamke, vimebanana kama watu wanaonong'ona.

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kicheko kifupi cha kutojua la kufanya. Mkewe akamkanyaga mguu.

*

Kuna namna mbili za kushtuka. Ya kwanza ni ya mwili, unaruka, moyo unagonga, kisha unakaa. Ya pili haina kuruka. Ni kama umekaa nyumbani kwako miaka ishirini, siku moja unaegemea ukuta na ukuta unasogea. Hupigi kelele. Unabaki umesimama umeinyoosha mikono, unaanza kujiuliza habari za kuta nyingine.

Ngwali alisimama pale, mto mkononi, sufi nyeupe ikichomoza penye mshono. Nyumba ya Mizani ilipanuka. Ilikuwa ndefu sasa kama Barabara yenyewe, na huko mwisho alimwona mtu anatembea, mwanamume, wima, mkanda wa kijani kiunoni, hatua nyepesi, watu wanaonyeshana kwa vidole. Tazameni yule! Alitaka kumwita. Akashindwa kukumbuka anaitwa nani. Nyuma ya mtu yule palikuwa na kivuli, na kivuli ndicho kilichoinama, ndicho kilichokuwa kikihema.

Wima. Mimi. Wima kwa mgongo wa nani.

Darasa. Nyonga ibebe, bega liongoze. Nyonga ya nani.

Jioni nakuta mito juu ya blanketi. Nalala. Nasema, mwenzangu, leo sikuchoka hata kidogo. Anasema, ndiyo faida ya mpango, fundi. Amenigeuzia mgongo. Sikuutazama ule mgongo. Migongo elfu mbili nimeikagua kwenye Barabara, huo mmoja sikuutazama.

"Mlijua?" aliuliza bila kugeuka.

Sauti ya mwanamke kwenye foleni ikajibu. Alikuwa Mama Tunu, aliyetembea kambi moja nao tangu mawe ya mia saba, yeye na mumewe Hamadi.

"Wanawake tulijua, shemeji."

"Tangu lini?"

"Unakumbuka ulipoanguka? Jiwe la mia sita na arobaini?"

Alikumbuka. Siku ile mgongo wake ulikatika kama uzi, akalala kifudifudi kwenye vumbi, akawaambia wamwache afe. Kesho yake aliamka, akapakiwa, akasimama. Akapiga hatua kumi. Akapiga mia. Akarudi kambini mbio akiita watu: nimegundua! Nimegundua! Si kilo, ni mpango! Jana chuma kilikaa chini, leo mke wangu amekiweka juu, tazameni ninavyokwenda!

"Asubuhi ile ndiyo alianza," Mama Tunu alisema. "Alisema ni siku moja tu, mpaka upone. Halafu wewe ukaja unapiga kelele umegundua, watu wakakuzunguka, unang'aa uso kama bwana harusi. Mwanajuma akatutazama, akacheka mpaka akajishika mbavu. Akasema, jamani, sasa nitamwambiaje? Kesho nitamwambia. Kila siku kesho."

"Na wewe ukanyamaza."

"Alituapisha. Alisema ukiambiwa utainama, na ukiinama hutanyanyuka."

Basi hii ndiyo ilikuwa elimu yake. Hii ndiyo iliyopakwa rangi ya kijani ukutani. Na huku akiitazama, neno lake mwenyewe likimtazama kutoka juu ya kichwa cha karani, Ngwali aliona ukuta wa pili ukisogea. Maana watu walipolia kwamba ishirini na nane ni nyingi, Wenye Mizani walisema nini? Walisema: mbona Ngwali anatembea wima? Walipolia kwamba thelathini na tatu zinaua, walisema: si nyingi, hamjui kupanga, nendeni kwa Ngwali awafundishe. Walipopandisha arobaini walimwita, wakampa mkanda wa kijani, wakampitisha mbele ya watu kwenda na kurudi. Akatabasamu. Kila kilo waliyowaongezea watu wa Barabara waliipitisha juu ya mgongo wake kwanza ili waione imenyooka, na mgongo ule ulikuwa na sufi.

Uzito haukupungua hata siku moja. Ulihama tu. Ulitoka kwake usingizini ukahamia upande wa pili wa blanketi. Na kama ulihama kwake, basi ulihama kwa wangapi? Alipowaambia wale wote wasimame, wakasimama, wakasema wameona, walikuwa wameona nini? Au kila mmoja alirudi kwa mwenzake, na mwenzake akatazama huku na huku, akahamisha chuma, ili mtu wake asiaibike mbele ya fundi?

*

"Baba," karani alisema, na kwa kitambo kidogo sauti yake ilikuwa ya Mwanajuma hasa, ile ya asubuhi yenye kicheko pembeni. Ngwali alishtuka akainua macho. Alikuwa Bi Asumini tu, amevaa miwani sasa, kitabu kimefunguliwa mbele yake. "Sheria inasema hakuna mtu kubeba zaidi ya ishirini na tano. Hapa pana kosa. Lazima niandike ni la nani."

"Ni lenu."

"Sina sehemu ya kuandika hivyo. Nina sehemu mbili." Aligeuza kitabu amwonyeshe, ingawa alijua hasomi vizuri. "Hii hapa: alijipakia mwenyewe. Nikiweka alama hapa, kosa ni la marehemu. Mwenye kosa haandikwi kwenye Kitabu. Anabaki kule aliko."

"Chini ya turubai."

"Chini ya turubai. Na hii ya pili: alipakiwa na mwenzake. Basi kosa ni lako. Yeye anaandikwa, anazikwa leo hii. Wewe unavuliwa mkanda, unaitwa mwizi wa uzito, na kwa adhabu kilo arobaini zote unazibeba peke yako mpaka mwisho wa Barabara. Tena hapa hatuangalii mpango," aliongeza, si kwa kumkejeli, kwa uchovu tu. "Amejipakia, au umempakia? Ukweli unaujua."

Ukweli! Ukweli ni kwamba alijipakia. Ngwali hakumwekea chuma hata kimoja zaidi ya vitano vyake. Mikono yake ilikuwa safi kama maji ya mvua. Mbele ya mizani yoyote angeweza kuapa, na kiapo kingekuwa cha kweli, na mke wake angeoza kando ya njia kwa ajili ya kiapo hicho cha kweli.

Na ukweli ni kwamba alimpakia. Kila aliporudi kambini anang'aa uso, alimwekea kimoja. Kila darasa, kimoja. Ule mkanda wa kijani, siku alipouvaa akamwuliza, unanionaje, na yeye akasema, umependeza, fundi, siku hiyo alimwekea vyote vilivyobaki.

Alifungua mkanda. Kifungo kilikuwa kigumu, akauvuta kwa meno. Akauweka mezani.

"Lete wino."

"Sehemu ipi?"

"Mimi ndiye niliyempakia."

Alikandamiza kidole gumba mpaka meza ikalia. Bi Asumini akaandika polepole, akilitaja jina kwa sauti kama inavyotakiwa, Mwanajuma, akasaini, akampigia kengele mchimba kaburi. Kengele ilisikika mbali sana, nyuma kule, mia mbili na kumi na mbili. Lilikuwa jambo lililokwisha. Ngwali alikuwa anainama kuchukua mashanta yote mawili aliposikia kitu kizito kikitua sakafuni nyuma yake.

Alikuwa Mama Tunu. Amevua shanta lake.

"Dada karani," alisema, "na langu lipime. Kwenye hiyo hiyo ndogo. Peke yake."

"We mwanamke!" Hamadi, mumewe, alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. "Una wazimu? Mimi nipo hai!"

"Ndiyo nataka lipimwe ukiwa hai, Baba Tunu."

"Mizani hii ni ya waliofiwa," Bi Asumini alisema. "Haipimi walio hai."

Kikatua kishindo cha pili. Cha tatu. Kwenye foleni watu walikuwa wanavua, wanaume kwa wanawake, na waume walikuwa hawawatazami wake zao, na si wanawake wote waliokuwa na mazito, kwani mzee mmoja mwembamba kule nyuma alilishusha lake kwa kishindo na mkewe akapiga ukelele, akajiziba mdomo. Vishindo tu, kimoja baada ya kingine, sakafu ikitikisika, na kwenye mizani ndogo isiyo na kitu mshale ukawa unacheza wenyewe.

Bi Asumini alifunga kitabu. Ngwali aliona jambo ambalo hakuliona asubuhi yote: bega la karani la kushoto lilikuwa chini ya la kulia, limekatwa mfereji na kamba ya zamani. Naye aliwahi kutembea.

"Mama," Ngwali alimwambia kwa upole, kwa mara ya kwanza siku ile bila tusi, "wewe umekaa na vitabu hivi. Hebu niambie. Yule wa kwanza kati ya Wenye Mizani aliyesema arobaini, yeye na mwenzake, walipoyaweka mashanta yao hapa, moja moja, mshale ulisimama wapi?"